Ufunguo wa Tarakimu 48 Uko kwa Nani?

Mwalimu, jirani yangu hapa Terrat, alikuja Jumapili baada ya ibada akiwa ameiviringisha laptopu kwenye kitenge kama mtoto mchanga wakati wa baridi ya Juni. Mashine ilikuwa ikisahau saa na tarehe kila inapozimwa, akaipeleka kwa fundi mjini, na fundi akabadilisha ile betri ndogo ya kwenye madabodi, yenye umbo la sarafu. Kazi ya dakika kumi. Ilipowashwa ikaleta skrini ya buluu, neno BitLocker juu, na chini yake kisanduku kirefu kinachosubiri tarakimu 48. Fundi alibonyeza F8 akitafuta hali salama, haikuja. Akaizima na kuiwasha mara kadhaa. Mwishowe akatoa kauli ambayo karibu kila mwenye kompyuta nchini ameshaisikia: “Tupige window tu.”

Kupiga window ni kufuta kilichomo na kuweka Windows upya. Mashine inapona, na vilivyokuwamo vinakwenda na maji.

“Kaka, picha za wanangu zitabaki?” aliniuliza. “Na maksi za muhula mzima zimo humu.”

Nikamjibu kwa swali. “Mwalimu, siku mashine hii ilipowashwa mara ya kwanza, barua pepe iliyowekwa ilikuwa ya nani?”

“Mimi najua? Alinifungulia kijana wa dukani. Mimi nilipewa pini tu.”

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike haya, maana habari yote ya diski zilizofungwa, kwa mtu wa kawaida, imelala pale: ufunguo upo, ila mwenye mashine hajui uko kwa nani.

Tuanze na kufuli lenyewe. Wengi wetu tunaamini kwamba nywila au pini tunayoandika asubuhi ndiyo inayolinda mafaili. Kwenye kompyuta isiyosimbwa, pini hiyo ni mlango imara kwenye nyumba isiyo na ukuta wa nyuma. Mwizi hana haja ya kuujaribu mlango. Anafungua skrubu chache, anachomoa diski, anaichomeka kwenye mashine yake, na anasoma kila kitu kama gazeti. Usimbaji fiche ndio unaojenga ukuta huo wa nyuma. Kila kinachoandikwa kwenye diski hugeuzwa kwanza kuwa vurugu ya herufi zisizo na maana, na hugeuzwa tena kusomeka pale tu ufunguo sahihi unapokuwapo. Diski ikichomolewa na kupelekwa kwingine, inatoa vurugu ile.

Microsoft iliiweka BitLocker, programu yake ya usimbaji huo, kwenye Windows Vista, iliyoingia madukani Januari 2007, tena kwenye matoleo ya bei ya juu tu. Kwa miaka mingi mjini Arusha lilikuwa jambo la mabenki na mashirika ya kimataifa, yenye watu wa IT wa kutunza funguo. Kisha mambo yakabadilika taratibu. Windows 8.1, mwaka 2013, ilianza kuzisimba yenyewe baadhi ya kompyuta zenye vifaa vinavyofaa. Windows 11, mwaka 2021, ilidai kila mashine iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Na toleo la 24H2, lililotoka Oktoba 2024, likalegeza masharti hata laptopu nyingi za kawaida, zenye Windows ya nyumbani, zikawa zinasimbwa zenyewe pale Windows inapowekwa upya. Kwa maneno mengine, kufuli la benki limehamia kwenye laptopu ya mwalimu wa Terrat bila kupiga hodi.

Namna linavyojifunga inahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hapo ndipo ufunguo unapopotea. Kompyuta mpya ikishawekwa Windows, diski huanza kusimbwa, lakini mwanzoni ufunguo unaachwa palepale, wazi. Ni kama mlango uliofungwa kisha ufunguo ukaning'inizwa kwenye msumari pembeni. Mashine inasubiri. Inasubiri mtu mwenye mamlaka ya usimamizi aingie kwa akaunti ya Microsoft, au ya kazini au shuleni. Mtu huyo akiingia, ufunguo wa kurejesha unapelekwa na kuhifadhiwa kwenye akaunti yake, ule wa msumarini unaondolewa, na tangu hapo kufuli limefunga kwelikweli. Yote hayo hufanyika kimyakimya, huku mtu akichagua picha ya ukutani.

Kwa hiyo aliyeingia kwanza ndiye mwenye ufunguo. Huko Ulaya au Marekani, kampuni ilipoupanga utaratibu huu, aliyedhaniwa ni mnunuzi, amekaa sebuleni na sanduku jipya na barua pepe anayoitumia kila siku. Kwetu laptopu nyingi ni mtumba, imepita kwa watu wawili watatu kabla ya kufika Arusha, na anayeiwasha kwanza ni muuzaji. Mnunuzi anataka aondoke nayo inafanya kazi, kifodi kinamsubiri. Intaneti ya kufungulia akaunti ni bando la mtu. Muuzaji, kwa wema kabisa, anaweka akaunti yake mwenyewe, au anatunga moja hapo hapo ambayo hata yeye hataikumbuka kesho, anampa mteja pini, na wanaagana. Kitasa cha dukani huja na funguo tatu kwenye boksi, na mwenye nyumba mwenye akili humuuliza fundi seremala ufunguo wa tatu uko wapi. Kwenye kompyuta hakuna anayeuliza, kwa kuwa hakuna aliyeona kitasa kikifungwa.

Sasa, kwa nini mashine iliyofanya kazi miezi yote ile inaamka siku moja na kudai tarakimu 48? Siku za kawaida ufunguo hutolewa na ile chipu ya TPM. Kompyuta inapowaka, kila hatua ya kuamka hupimwa: mipangilio ya usalama ya BIOS (programu ya msingi inayoiamsha mashine), programu inayoipakia Windows, na kadhalika. Vipimo vikiwa sawa na vilivyowekwa, chipu inautoa ufunguo na mtumiaji hajui kwamba kuna lolote lililopita. Vikitofautiana, inanyamaza. Haiwezi kutofautisha fundi mwema aliyebadilisha betri na mwizi aliyefungua mashine gizani. Inachoona tu ni kwamba vitu havipo kama vilivyokuwa. Betri ya sarafu ikitoka, mipangilio ya BIOS huweza kurudi ya kiwandani, na hilo ndilo lililompata mwalimu. Kubadilisha madabodi kunaleta matokeo hayohayo. Kusasisha BIOS pia, au kuhamishia diski kwenye mashine nyingine. Hata Microsoft yenyewe imeshawahi kuwa chanzo: masasisho ya usalama ya Julai 2024 yalizifanya baadhi ya kompyuta ziwake kwenye skrini ile ya buluu bila mtu kugusa kitu, na marekebisho yakaja mwezi uliofuata.

Chipu ikinyamaza, kinachobaki ni ufunguo wa kurejesha. Ni tarakimu 48 zilizogawanywa makundi manane ya tarakimu sita sita, na ndani yake kuna hesabu ndogo ninayoipenda. Kila kundi lazima ligawanyike kwa 11 bila baki. 123453 linakubalika, maana ni 11 mara 11,223. Ukiteleza ukaandika 123456, skrini inakataa kundi hilo hilo kabla hujafika mwisho. Kosa la tarakimu moja halipiti, wala kubadilishana nafasi kwa tarakimu mbili zilizo jirani. Aliyebuni hivi alijua kuwa funguo hizi zitasomwa kwenye simu, kwa kelele, na mtu mwenye wasiwasi. Na kwa laptopu zetu ambazo vitufe vya namba vimekufa, F1 hadi F10 hufanya kazi badala yake, F10 ikiwa sifuri.

Ukiondoa hesabu hiyo ya ukaguzi, ufunguo unabeba biti 128. Anayejaribu bilioni moja kwa sekunde angehitaji miaka inayohesabiwa kwa bilioni mara trilioni kumi. Microsoft wanasema wazi kwamba ufunguo ukipotea hawawezi kuutengeneza upya. Ni kweli kwamba mapema mwaka 2024 mtafiti mmoja alionyesha kwenye video jinsi ya kuunasa ufunguo ukipita kwenye nyaya kati ya TPM na prosesa ya laptopu ya zamani, kwa kifaa cha chini ya dola 10, ndani ya sekunde 43. Lakini ile ilikuwa mashine yenye chipu iliyojitenga na isiyodai pini ya kuwashia, na chipu ilikuwa bado inautoa ufunguo. Iliyoshanyamaza haina cha kunaswa. Anayekuambia atakufungulia kwa elfu hamsini, muulize kwanza anajua nini kuhusu barua pepe iliyofungulia mashine.

Hapa ndipo hali salama inapoingia, na ndipo mafundi wengi wanapokwama bila kosa lao. Hali salama, au sefu modi kama wanavyoiita, imekuwapo tangu Windows 95. Ni kuiwasha Windows ikiwa na vitu vichache sana: dreva za lazima tu, programu zinazojianzisha zimeachwa nje, picha hafifu. Kama kuna dreva mbovu au kirusi kinachoiangusha mashine, huku hakiamki, na fundi anapata nafasi ya kukiondoa. Kizazi kizima cha mafundi kilijifunza hivyo: washa, gonga F8 haraka haraka, chagua, tengeneza. Ilikuwa njia ya uani, na haikumuuliza mtu yeye ni nani.

Tangu Windows 8 ile F8 haiitiki yenyewe. Sasa unashika Shift huku ukibonyeza kuwasha upya, au, kama Windows haifiki popote, mashine ikikwama mara kadhaa mfululizo katikati ya kuwaka inafungua yenyewe menyu ya matengenezo. (Kwa laptopu ambayo betri yake imekufa na inaishi kwa umeme wa ukutani, siku umeme unachezacheza menyu hiyo inaweza kutokea bila kuitwa, na watu huiogopa bure.) Menyu ile inaonekana hata diski ikiwa imefungwa, kwa kuwa inakaa kwenye kipande kidogo cha diski ambacho hakijasimbwa. Inakudanganya macho. Unaona mashine imewaka, chaguzi zipo, unadhani umeshaingia ndani, kumbe bado uko barazani. Hali salama ni chumba cha ndani, imo kwenye Windows ileile iliyosimbwa. Ukiichagua kwenye kompyuta yenye BitLocker, jiandae kuulizwa tarakimu 48. Uani nako pamejengwa ukuta.

Dunia ililijua hili kwa siku moja. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya usalama wa kompyuta CrowdStrike ya Marekani ilituma faili dogo la kusasisha programu yake ya Falcon. Faili lilikuwa na kasoro, na programu ile inakaa ndani kabisa ya Windows, kwa hiyo ilipoanguka iliangusha mashine nzima. Saa 2:27 lilikuwa limeshaondolewa. Dakika 78 tu, lakini Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimekwishakumbwa. KLM, ambayo wageni wengi wa Kilimanjaro na Serengeti hufika nayo uwanja wa ndege wa KIA, ilisimamisha sehemu kubwa ya shughuli zake siku hiyo.

Tiba yake ilikuwa nyepesi ajabu: iwashe kwenye hali salama, nenda kwenye folda ya CrowdStrike, futa faili ambalo jina lake linaanza na C-00000291, washa tena. Mtoto wa sekondari angeweza. Kilichoigeuza kuwa kazi ya siku na wiki ni kwamba kompyuta za makampuni makubwa zilikuwa zimesimbwa, kila moja na ufunguo wake, na mtu alipaswa kusimama mbele ya kila moja. Kuna wasimamizi wa mifumo waliosimulia kwamba seva iliyotunza funguo nayo ilikuwa imeanguka, ikidai ufunguo. Ofisi za kampuni ya uhasibu ya Grant Thornton za Australia zilipata ufumbuzi ambao mtu wa duka la Arusha angeuelewa papo hapo: waligeuza funguo kuwa barkodi wakawa wanazisoma kwa kile kifaa cha kaunta ya supamaketi, badala ya kuandika tarakimu 48 kwa mkono mashine baada ya mashine.

Ninachokichukua mimi katika mkasa ule ni kwamba hata wenye wataalamu na bajeti walikuwa wamefikiria sana kufuli na kidogo sana mahali pa ufunguo siku ya shida. Mwalimu wangu hana la kujilaumu.

Je, basi kufuli lizimwe? Mafundi kadhaa hapa mjini humshauri mteja hivyo, na ninawaelewa. Wamechoka kuwa wabeba habari mbaya. Inawezekana kulizima kwenye mipangilio, na diski itasimbuliwa taratibu. Mimi siungi mkono, hasa katika mji huu. Arusha inaishi kwa safari. Ofisi ya utalii, hata ile ya chumba kimoja na meza mbili, ina nakala za pasipoti za wageni, tarehe zao za kuondoka nyumbani, wakati mwingine taarifa za magonjwa na mizio ya chakula. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Laptopu iliyosimbwa ikiporwa ikiwa imezimwa, mwizi atapiga window na kuiuza. Amepata chuma, pasipoti za watu hajazipata. Mwalimu naye ana maksi na namba za simu za wazazi.

Kuna pingamizi jingine, la watu waangalifu zaidi: ufunguo uliokaa kwenye akaunti ya Microsoft, kampuni inaweza kuutoa kwa amri ya mahakama, na anayeiba akaunti yako anaupata pia. Ni kweli. Anayeogopa hilo anaweza kuuondoa kule na kubaki na karatasi. Kwa wengi wetu, hatari ya kuupoteza ufunguo ni kubwa kuliko ya kunyang'anywa, na ningependa kwanza tujue uko wapi kabla ya kubishana nani mwingine anaweza kuuona.

Kuujua hakuchukui muda. Mashine ikiwa inafanya kazi, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: na tarakimu zitatokea, pamoja na kitambulisho chake. Kitambulisho hicho ni muhimu: herufi na namba nane za mwanzo ndizo skrini ya buluu itakazokuonyesha, ili mwenye funguo nyingi ajue ni upi unaotakiwa. Ziandike zote kwenye karatasi, au zichapishe stesheneri ukisimama hapo hapo, faili lisibaki kwenye kompyuta yao. Karatasi ikae na hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa. Usizihifadhi kwenye laptopu hiyohiyo. Nimeona flashi yenye ufunguo ikiishi kwenye mfuko wa laptopu, ikaenda na laptopu. Na ukitaka kuipeleka kwa fundi kwa kazi ya BIOS au betri, simamisha ulinzi kwanza kwenye mipangilio ya BitLocker, au kwa amri ileile ukiweka -disable mahali pa -get. Diski inabaki imesimbwa, ila ufunguo unarudi msumarini hadi Windows itakapowashwa tena. Wenye Mac wana mambo yao, FileVault na ufunguo wa herufi na namba 24, na swali ni lilelile.

Tukarudi kwa mwalimu. Risiti ya duka alikuwa nayo, na namba ya simu ilikuwa imeandikwa kwa kalamu mgongoni. Kijana alipokea.

“Shikamoo mama. Ndiyo, nakukumbuka, ile HP.”

Nilimweleza kwa ufupi aingie kwenye akaunti aliyofungulia mashine, atafute ukurasa wa funguo, kisha nikamsomea kitambulisho cha kwenye skrini. Akanyamaza kidogo.

“Kaka, hapa ziko nyingi.”

“Tafuta inayoanza na hizo nane.”

Akaipata. Akasoma sita sita, mimi nikiandika, mwalimu akirudia kwa sauti kama anaita mahudhurio. Kundi la sita likakataa. Alikuwa amesoma saba badala ya moja. Akarekebisha. Kundi la nane likaingia, skrini ikawa nyeusi kwa muda uliotutosha wote kushika pumzi, kisha picha ya watoto watatu wenye sare ikatokea.

Mwalimu alikuwa ameshaanza kunakili mafaili kwenye flashi nilipomuuliza yule kijana, kabla hajakata, hizo nyingine kwenye orodha ni za nani.

“Za wateja,” alisema. “Ila majina sina. Imeandikwa DESKTOP, DESKTOP tu.”